Barua kwa mwanangu: ngano, riba na kelele za bosi

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo. Swali lako la juzi bado linanichekesha. Umeanza uhasibu kwenye kampuni ya kuuza mikate na keki, umefungua ripoti ya mwaka, ukakuta kurasa nzima za riba na bei ya ngano. Unaniuliza, "Mama, hawa ni waokaji au wacheza kamari?"

Ni waokaji, tena kurasa hizo zipo kwa sababu wanaikimbia kamari.

Bei ya mkate huwezi kuibandua kila asubuhi, wateja watakuhama. Ngano nayo haitulii. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, busheli moja (kipimo cha nafaka, kama kilo 27 za ngano) kwenye soko la Chicago, Marekani, ilipita dola 12. Mwaka ulipoisha ilikuwa chini ya dola 8. Nani angetabiri? Mnunuzi hujaribu kufunga bei mapema. Anaweza kupatana na kiwanda cha kusaga bei ya unga wa miezi ijayo, au akanunua sokoni mikataba ya bei ya baadaye, yaani ahadi za kununua ngano siku zijazo kwa bei iliyokubaliwa leo, ambayo pale Chicago kila mmoja ni busheli 5,000, yaani kama tani 136. Ngano ikipanda, faida ya mkataba inafidia unga uliopanda. Ikishuka, mkataba unakula hasara, lakini unga unaununua rahisi.

Hapo penye "ikishuka" ndipo nilipolia mimi. Mwaka mmoja, nikiwa mnunuzi kazini kwangu, nilifunga bei ya mahitaji yetu yote kwa siku moja, nikajiona mjanja, kisha ngano ikaporomoka. Bosi akaninyanyulia karatasi kikaoni: "Hela hizi kapoteza nani?" Nikamwekea mistari miwili, hasara ya mkataba na nafuu ya unga. Ukijumlisha, tulikuwa palepale bajeti ilipotuweka. Hakunielewa, na sidhani kama alitaka kunielewa. Mwaka uliotangulia, mkataba ulipoleta faida, hakuuliza kitu. Toka siku hiyo nikawa nafunga kidogo kidogo: theluthi leo, theluthi miezi miwili baadaye, iliyobaki naiacha ifuate soko.

Ujue pia kwamba mkataba wa ngano unakinga ngano tu. Gharama ya kusaga na nauli ya lori hazimo. Siagi na mayai vina vurugu zao wenyewe.

Riba ni hesabu fupi. Tuseme kampuni ina mkopo wa milioni 80 wenye riba inayobadilika. Riba ikipanda kwa asilimia 1, mwaka unakugharimu 800,000 zaidi, bila kuuza hata mkate mmoja wa ziada. Ikiingia na benki mkataba wa kubadilishana riba kwa milioni 50, upande huo inalipa kiwango kisichobadilika, na mshtuko unabaki 300,000. Waliodharau jambo hili walikiona: Benki Kuu ya Marekani iliitoa riba yake karibu na sifuri Machi 2022 ikaifikisha kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023.

Jumatatu, kabla hujarudi kwenye ripoti, mfuate mtu wa manunuzi umuulize: unga wetu umefungwa bei mpaka mwezi gani, na kwa sehemu gani ya mahitaji? Atakachokujibu niandikie.

Mama yako