Barazani na Mpishi wa Meli: Gesi inakuwaje endelevu?

SWALI: Shikamoo mzee. Nasomea umeme VETA hapa Lindi. Nasikia Norwei, kaskazini kabisa, mtambo wa gesi utaendeshwa kwa umeme wa maji, ndiyo maana gesi yao inaitwa endelevu. Si itachomwa tu? Hii ni sayansi au siasa?
— Msomaji, Lindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Sayansi ipo, ila rula wameishika wanasiasa.

Nikiwa mpishi melini, safari moja tulitia nanga Hammerfest, mji wa huko kaskazini kabisa mwa Norwei. Kisiwa cha Melkøya unakiona kutoka mjini, matangi na mabomba matupu. Tangu 2007 gesi ya Snøhvit, kutoka chini ya bahari, hupozwa pale hadi nyuzi 160 hivi chini ya sifuri ili iwe kimiminika. Upozaji unakula nguvu nyingi, na nguvu hiyo hutokana na kuchoma gesi hiyohiyo. Moshi wake unaandikwa kwenye daftari la Norwei, yaani hesabu ya moshi wa nchi hiyo.

Agosti 2023 serikali ikaridhia umeme wa gridi uchukue nafasi hiyo kuanzia 2030. Wanatarajia kupunguza tani 850,000 hivi za hewa ya kaboni kwa mwaka, na Norwei imeahidi kupunguza mengi ifikapo huo mwaka 2030. Lakini gesi iliyookolewa haibaki ardhini, inauzwa. Ni kama mimi nipikie umeme, kuni nimuuzie jirani, halafu nitambe kwamba kwangu hakufuki moshi. Moshi wa jirani ni wa daftari lake.

Wenyeji nao wamegawanyika. Halmashauri inataka ajira. Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini wanaofuga reindia (kulungu wa baridi), wanaona nguzo za umeme na mitambo ya upepo ya kuzalisha umeme huo ikiwalia malisho. Kusini zaidi, Fosen, Mahakama ya Juu iliamua Oktoba 2021 kwamba vibali vya mitambo ya upepo vimekiuka haki zao. Mapanga ya mitambo hiyo yakaendelea kuzunguka. Mwaka 2023 vijana wakaziba milango ya wizara Oslo, ndipo serikali ikaomba radhi.

Equinor, waendeshaji wa Melkøya, ndio hao wanaoendesha kitalu namba 2 cha gesi baharini kwenu. Wakiitisha mkutano, wewe fundi umeme uliza: mtambo wa kupozea gesi yetu utakula umeme gani, na laini yake itapita shamba la nani?