Kabla ya kuongeza Mbps, uliza data yako inapitia wapi

Wengi wanaonipigia simu kulalamikia intaneti huwa tayari wamemalizana na mtoa huduma: wamepandishwa kutoka Mbps 20 hadi 40, wamelipa, na mfumo wa kazini bado unajikokota. YouTube inacheza bila kukwama, lakini programu ya stoo, ambayo seva yake iko hapa hapa Nairobi, inazungusha tu. Ukiona hivyo, acha kwanza kununua kasi. Tafuta njia.

Mteja wangu mmoja ni mama mwenye duka la jumla la dawa Eastleigh, na tawi Ruiru. Seva yao iko kwenye kituo cha data Mombasa Road. "Kijana wangu," akaniambia, "nimelipia faiba mara mbili na bado wasichana wangu wa Ruiru wanangoja risiti mpaka mteja anawafokea." Nikakaa kwenye kompyuta ya kaunta, nikafungua lile dirisha jeusi la Windows na kuandika tracert, amri inayoorodhesha ruta ambazo data inapitia na muda wa kufika kwa kila moja, pamoja na anwani ya seva. Mistari ya kwanza haikuwa na neno: ruta ya duka, kisha ruta ya mtoa huduma, milisekunde 3. Halafu namba ikaruka hadi 150, na kwenye jina la ruta kulikuwa na herufi lhr. Hiyo ni Heathrow. Mafundi wa mitandao hupenda kuzipa ruta majina ya viwanja vya ndege, na ukishalijua hilo, tracert inasomeka kama tiketi.

Basi risiti ya Panadol ilikuwa inatoka Ruiru, inashuka Mombasa, inaingia baharini mpaka London, ndipo inarudi Mombasa Road. Jibu nalo likafuata njia ile ile. Karibu milisekunde 300 kwa kila swali. Peke yake hiyo ni kufumba na kufumbua, ila programu ya aina hii huuliza hifadhidata maswali mengi mfululizo kabla ya kutoa risiti moja. Yakiwa 40, tayari umengoja sekunde 12. Hapo hata ukinunua Mbps 500, utakuwa umepanua barabara tu. Safari ni ile ile.

Data kama hiyo inapaswa kupita KIXP, kituo cha Nairobi cha kubadilishana trafiki ya intaneti. Usiwazie mitambo ya ajabu. Kiini chake ni swichi. Watoa huduma wanaleta nyaya zao hapo, kila mmoja anawatangazia wenzake anwani za wateja wake kwa BGP, itifaki ambayo ruta hutumia kuambiana njia, na trafiki ya ndani inamalizana humo humo bila kulipiwa kama ya ng'ambo. Wanachama si watoa huduma peke yao: KENET ya vyuo vikuu imo, KENIC inayosimamia majina ya .ke imo, na Google pia. Ndiyo maana YouTube ya yule mama haikuwa na shida, kwa kuwa nakala za video nyingi ziko karibu.

Kituo chenyewe kilizaliwa kwa taabu. TESPOK, muungano wa watoa huduma, ilikiwasha Novemba 2000. Haukupita muda Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya kipekee ya kubeba trafiki ya kimataifa, ikalalamika, na CCK, msimamizi wa sekta enzi hizo, ikaagiza kizimwe. (Kimejengwa ili trafiki ya ndani ibaki ndani, kisha kinashtakiwa kwa kuingilia ya nje. Mpaka leo sijaelewa.) Kilirudi hewani Februari 2002 kikiwa na leseni. Wakati ule barua pepe ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mwingine ilipanda setilaiti na kushuka, hivyo muda wa safari kupungua kutoka zaidi ya sekunde nzima hadi chini ya milisekunde 100 halikuwa jambo dogo. Baadaye Mombasa nayo ikapata kituo. Utafiti wa Internet Society wa 2020 ulionyesha kuwa sehemu ya trafiki inayopatikana humu nchini ilikuwa imepanda kutoka asilimia 30 mwaka 2012 hadi 70.

Sasa rudi kwa mtoa huduma wako. Usimuulize "mtandao una shida gani?", maana utaambiwa uzime ruta na kuiwasha. Muulize kama ameunganishwa KIXP, kama fungu la anwani ulilopewa wewe linatangazwa pale, na kama laini yake ya pale hujaa jioni. Ambatanisha matokeo ya tracert ya kwenda na ya kurudi, kwa sababu njia mbili hizo mara nyingi hazifanani. Kwa yule mama, kampuni ilikuwa KIXP miaka mingi, ila fungu jipya la anwani halikuwa limetangazwa. Ilichukua barua pepe kadhaa, moja niliyoiandika kwa hasira, mpaka mhandisi mmoja akaongeza mistari miwili kwenye ruta. Risiti zikaanza kutoka papo hapo.

Pima pia kwa laini ya simu, si kwa faiba ya ofisi tu. Wateja wako wanatumia mitandao mingine na huenda ndio wanaozungushwa. Wala jina la .ke lisikudanganye. Linasajiliwa hapa, lakini seva yake yaweza kuwa Texas.

Jambo ambalo watu hulisahau kabisa ni vitegemezi, yaani huduma za wengine ambazo tovuti yako inazihitaji ili ifunguke. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, nilishuhudia tovuti zenye seva Nairobi zikigoma kufunguka. Seva ilikuwa nzima, lakini DNS, inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva, ilikuwa Ulaya, fonti zilivutwa Marekani, na kuingia kwenye akaunti kulipitia huduma ya nje. Fungua tovuti yako, bonyeza F12, nenda sehemu ya mtandao (Network), uone ni nani wote wanaoitwa kabla ukurasa haujatokea. Fonti unaweza kuziweka kwenye seva yako leo hii. Kwa DNS, hakikisha angalau seva moja ya majina iko hapa nchini.

Wapo nisiowashauri kuhamia seva za Nairobi. Kampuni ya safari ambayo wateja wake wote wako Ujerumani haitafaidi chochote. Waache seva Frankfurt, na hela za kuhama walipie nakala rudufu.