Mfugaji Anayekubania Mbwa Ndiye wa Kununua Kwake

Tangu niweke picha ya Jemedari amekaa juu ya mawe ya Capripoint, hapa Mwanza, simu yangu haipumziki. Karibu ujumbe wote unauliza kitu kimoja: "Kaka, huyo German Shepherd ulimchukua shilingi ngapi?" Bei sijibu. Si maringo, ingawa Jemedari akipita Nyegezi watu wanampisha na mimi sioni vibaya. Sijibu kwa sababu anayeanza na bei mwisho wake ni kwa dalali.

Na najua mnachotaka, maana ndicho nilichotaka mimi. Kiwanja kiko Buswelu au Kishiri, ukuta umefika kwenye lenta, mafundi wameanza kuiba nondo, sasa unataka mbwa wa mbegu ambaye hata akilala tu getini mwizi anabadili njia. Sawa kabisa. Lakini nisikilizeni.

Niliyenunua kwake ni mama mmoja mstaafu wa upande wa Buhongwa. Mara ya kwanza nilikwenda na hela taslimu. Kabla sijafika bandani akanionyesha beseni la maji ya jiki, nikanyage na viatu vyangu. Nilidhani ni dharau. Halafu yakaanza maswali. "Mwanangu, mchana nyumbani anabaki nani?" "Uzio umekamilika?" "Akiumwa unampeleka kwa daktari gani?" Hili la mwisho nikajibu, "Tutaangalia, mama." Akacheka kidogo, akasema hauzi. Nikamalize uzio, nitafute daktari wa mifugo, ndipo nirudi. Kijana wake wa kazi alikuwa amesimama pale anasikia kila kitu. Nikikumbuka, mpaka leo roho inaniuma.

Wakati mimi nanuna, shemeji yangu alipata wake kirahisi. Picha ikaja WhatsApp, wakakutana stendi ya Buzuruga, mtoto wa mbwa akatolewa kwenye boksi la mafuta ya kula. Mama yake yuko wapi? "Yuko Shinyanga." Kadi ya chanjo ipo? Ipo! Niliishika kwa mikono yangu. Tarehe zote kalamu moja, mwandiko mmoja. Hakuna mhuri, hakuna ile stika inayobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo. Na ukipiga hesabu kwa umri waliotuambia, sindano ya kwanza alichomwa akiwa na wiki moja. Hakuna daktari anayechanja mtoto wa wiki moja.

Usiku wa pili akaanza kutapika. Kesho yake kuhara damu, yenye ile harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Hakumaliza wiki. Muuzaji alipopigiwa akasema, "Mmemlisha mapanki, mmemvuruga tumbo," kisha akazima simu.

Shikeni hili, litawasaidia siku ya ubishi: parvo kwa kawaida huchukua siku 3 hadi 7, wakati mwingine hadi 14, tangu virusi viingie mpaka dalili zitokee. Mbwa akianza kutapika usiku wa pili, amekuja nao kutoka alikotoka. Mapanki hayahusiki. Na virusi hivyo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Sabuni ya kawaida haivigusi. Jiki, sehemu moja kwa 30 za maji, inaviua kwenye sakafu ya saruji iliyosafishwa kwanza, lakini uwanja wa vumbi na majani utaupigaje jiki? Shemeji alitaka kuleta mwingine mwezi uleule. Nilimkatalia kwa ukali, na lile beseni la Buhongwa nikalielewa siku hiyo.

Uzio ulipoisha nikarudi. Safari hii niliingia ndani. Jike aliyezaa wale watoto alikuwa palepale, na ndiye wa kumtazama kabla hujashika kitoto chochote. Subiri anyanyuke alipolala. German Shepherd wana ugonjwa wa nyonga unaorithiwa. Ujerumani, ambako chama cha mbegu hii kilianzishwa mwaka 1899, mbwa hupigwa picha ya eksirei ya nyonga kabla ya kuruhusiwa kuzalishwa. Sisi hapa tuanze na macho. Jike anayenyanyuka kwa kujivuta, au akikimbia anarusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja kama sungura, ondoka hata kama watoto wanapendeza. Uliza pia amezaa mara ngapi na ana umri gani. Jike anayezalishwa kila joto, mbavu zinahesabika, huyo amegeuzwa mashine.

Kuhusu masikio, msidanganyike wala msiogope. Mtoto akiwa na miezi miwili, masikio kulala ni kawaida, mengi husimama kufikia miezi 4 hadi 6. Ndiyo maana dalali anaweza kukuuzia chotara wa mbwa koko huku akiapa kwamba "yatasimama tu". Ukimwona mama, na ikiwezekana baba, maneno yanapungua.

Mtoto asitoke kwa mama yake kabla ya wiki 8. Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki 2, maana minyoo anaipata tumboni mwa mama na kwenye maziwa. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki 16, kwa sababu kinga aliyopewa na mama inaweza kuizima ile ya mwanzo. Kwa hiyo anayekwambia "ameshachanjwa, amemaliza" kwa mtoto wa miezi miwili ni mwongo, au hajui kazi. Ya kichaa cha mbwa hufuata akifika miezi mitatu hivi.

Vijana wenzangu, tuna haraka mno. Gari tunakagua injini, kiwanja tunatafuta mpaka hati, halafu kiumbe kitakachoishi nasi miaka kumi tunakipokea stendi kwenye boksi! Muuzaji asiyekuuliza chochote hajali mbwa anakwenda wapi, na kama hajali anakokwenda, alimjali lini akiwa kwake?

Mnaotaka namba ya yule mama, sitaiweka hapa. Kwa sasa hana watoto, na jike wake anapumzishwa. Mimi aliniandikisha kwenye daftari lake kwamba nikishindwa kumtunza Jemedari namrudisha kwake, siuzi wala sigawi. Akanifungia na mfuko wa chakula alichozoea, nikichanganye na changu kidogo kidogo kwa wiki nzima. Mwezi uliopita alinipigia kuuliza kama nimekumbuka chanjo ya mwaka ya kichaa. Nilikuwa nimeshampeleka, nikamtumia picha ya kadi, na mhuri unaonekana vizuri.