Kuridhika si kukaa bure

Je, Wastoiko, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, wanaposifu kuridhika wanasema ukae tu ukubali kila kitu? Hapana. Mmoja wao, Epictetus, aliyezaliwa mtumwa, alitenganisha yaliyo mikononi mwetu, kama maamuzi na matamanio yetu, na yasiyokuwemo: mali, sifa, hata afya. Kwa mfano, kazi itafute kwa bidii zote. Kuajiriwa ni uamuzi wa mwingine. Mstoiko mwingine, Marcus Aurelius, alitawala Roma tangu 161 hadi 180 katikati ya vita na tauni, wala hakujifungia ndani.

Ila kwa hii tabia yetu ya kujilinganisha na watu tunaowaona simuni, mimi napenda zoezi la Mstoiko Seneca (tajiri mkubwa, ndiyo, na alisemwa sana kwa hilo): siku chache ishi kwa chakula duni na nguo hafifu, kisha jiulize kama hicho ndicho ulichokuwa ukikiogopa. Mgonjwa aruke sehemu ya chakula.