Faili kuu la Revit na nakala ya kila mchoraji
Ndugu, umeuliza kwa nini kazi ya mwenzako hupotea pale ninyi watatu mnapofungua faili moja la Revit, programu ya kuchora majengo, lililowekwa katika folda ya Google Drive. Huduma ya aina hiyo hulichukulia faili kama kitu kimoja, bila kujua ni ukuta upi au mlango upi uliorekebishwa na nani, hivyo nakala ya aliyehifadhi mwisho huweza kufunika za wengine. Nawasihi mliondoe humo leo. Washeni utaratibu wa kazi ya pamoja ulio ndani ya Revit yenyewe, faili kuu likae kwenye seva ya ofisi, na kila mmoja achore katika nakala iliyo kwenye kompyuta yake, akiioanisha na faili kuu mara kwa mara, hasa kabla ya kwenda kula. Kubalianeni pia toleo moja la programu, kwa sababu faili lililohifadhiwa katika Revit 2024 halifunguki katika Revit 2023, na programu haina amri ya kulirudisha nyuma. Mhandisi wa miundo anayetumia programu nyingine mpelekeeni faili la IFC, aina ya faili inayosomwa na programu mbalimbali za usanifu, pamoja na michoro ya PDF.