"Oui" haibonyeki, admini amepotea mu mashini ya nyumbani: usiformati kwanza

Ndugu wa Bukavu, nimesoma swali yako mara mbili. Unasema ordinatere ya papa mu nyumba iko na konti moja tu njo mnatumia wote, na tangu juzi kila mkitaka kuweka programu ao kutoa kitu, Windows inaleta ile dirisha ya kuomba ruhusa lakini "Oui" imefifia, haibonyeki, inabakia paka "Non", na hata nafasi ya kuandika kode hakuna. Na fundi amesema dawa ni kuformati tu. Nakuomba usiformati kwanza. Hiyo kitu ilitupata hapa Goma ku mashini ya yaya wangu, na tuliimaliza bila kupoteza hata fishiye moja.

Yaya anafanya kazi ya sekretaria nyumbani pale Majengo, anapiga TFC (kazi za mwisho wa masomo) za wanafunzi na kuprinti. Ilikuwa kipindi ya watu kudepoze TFC zao, mu ile mashini kulikuwa kazi ya wanafunzi kama kumi na tano, wengine walishalipa, na imprimanti mpya ikakataa kuingia ju ya hiyo "Oui". Alinipigia simu saa mbili usiku analia. Fundi alishamwambia dola 20 na kuformati, na akaongeza kwamba fishiye "zitarudi tu". Mi nikamwambia yaya zima hiyo mashini, kesho asubui nakuja, mtu asiiguse.

Kwanza elewa ile "Oui" kufifia inamaanisha nini, ju ukielewa hiyo hautaogopa. Wakati konti yako ni ya kawaida, ile wanaita "standard", Windows inapaswa kukuuliza kode ya mtu mwenye kuwa admini, ni kusema mwenye ruhusa ya kubadilisha mambo ya mashini. Inatafuta mu mashini nzima admini mwenye konti yake iko hai, ikikosa hata mmoja, haina mtu wa kuuliza, njo inazima "Oui" inakuacha na "Non". Hakuna kitu imeharibika, si virusi. Uadmini ni sawa liste ya majina: kuna kikundi moja ndani ya Windows, jina yako ikiwa ndani uko admini, ikitolewa unakuwa mtu wa kawaida. Kazi yote ni kurudisha jina mu liste.

Kwa yaya nilikuja kujua namna ilifika pale. Fundi alipoweka Windows alitumia konti ya Administrateur, ile inazaliwa pamoja na Windows yenyewe na kawaida inalala. Akaamsha hiyo, akaifanya konti ya yaya ikuwe standard kusudi virusi zisipate nguvu, na hapo wazo yake ilikuwa nzuri kabisa, halafu alipomaliza akarudisha Administrateur kulala bila kuacha admini mwingine. Windows inakataa ukitaka kumshusha admini wa mwisho kupitia Paramètres, lakini ile dakika walikuwa wawili, kwa hiyo haikusema kitu. Miezi ikapita yaya hajui chochote, mpaka siku ya imprimanti.

Sasa cheki kama shida yako ni hiyo hiyo. Fungua "Invite de commandes" (dirisha ya kuandika komandi), ya kawaida tu, uandike:

net user

Itakuletea majina ya konti zote. Kwa yaya ilitoka Administrateur, DefaultAccount, Invité, WDAGUtilityAccount, na moja inaitwa secre. DefaultAccount na hiyo WDAG ni za Windows yenyewe, usizishike. Angalia vizuri hiyo secre. Ku ekrani wakati wa kuingia ilikuwa inaandikwa "Secrétariat", lakini jina ya kweli ndani ni secre, ju konti iliundwa na email na Windows inachukua herufi tano za mwanzo wa email. Watu wengi wanakwama hapo, wanaandika jina wanaona ku ekrani, Windows inajibu haimjui huyo mtu. Jina ya kutumia ni ile "net user" inakuonyesha. Halafu:

net user secre

Karibu na mwisho kuna mstari wa "groupes locaux". Ukiona *Utilisateurs peke yake bila *Administrateurs, basi njo hiyo. Fanya tena na net user Administrateur, uone mstari wa "Compte : actif" inasema Oui ao Non. Kwa yaya ilikuwa Non.

Mi nilipofika pale nikajifanya mwenye kujua, nikachukua komandi ya mafunzo ya intaneti nikaipiga vile iko. Ikanijibu erreur système 5, accès refusé, ni kawaida, mtu asiyekuwa admini hawezi kujipa uadmini. Lakini hata nilipokuja kupata njia ya kuingia kama admini ile komandi ikakataa tena, safari hii erreur 1376, inasema hicho kikundi hakiko. Nilipoteza karibu saa nzima hapo. Ndugu, shika hii: mashini zetu huku karibu zote Windows yake ni ya Kifaransa, na mu Windows ya Kifaransa kikundi hakiitwi Administrators, kinaitwa Administrateurs, na s mwishoni, na ile konti inalala inaitwa Administrateur bila s. Mafunzo mengi ya intaneti yameandikwa kwa Windows ya Kiingereza. Ukinakili, utaona 1376 mpaka kesho. Lakini maneno ya nyuma, yale yanaanza na /, yanabakia Kiingereza hata mu Windows ya Kifaransa: /add inabakia /add. Hiyo mchanganyiko njo inachanganya watu.

Mlango wa kuingilia sasa. Windows imewekewa mlango wa hatari: kama mashini ni ya nyumbani, haijaunganishwa ku domaine ya kazi (mtandao wenye kusimamiwa na ofisi), na hakuna admini mwingine mwenye kuwa hai, basi mu "mode sans échec" (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) inakubali Administrateur aingie hata kama amelazwa. Iliwekwa makusudi kwa watu wenye wamepatwa kama sisi.

Mbele ya kuingia fanya vitu mbili. Copi fishiye zenu ku diski ya inje ao kle ya USB, kucopi vitu vyako haidai uadmini, yaya tulicopi TFC zote kwanza njo nikapumua. Ya pili, angalia kama diski imefungwa na BitLocker ao "chiffrement de l'appareil", ile kufuli ya Windows yenye kuficha vitu vya ndani ya diski. Ikiwa imefungwa, ukianza kuingia mu njia za kurekebisha inaweza kukudai kle ya tarakimu 48, na kama mashini mlinunua okazyo, hiyo kle inaweza kuwa mu konti ya Microsoft ya mwenyewe wa kwanza. Ukiona chiffrement imewashwa na hauna kle, simama hapo kwanza, utafute kle.

Na umeme. Batri ya yaya ilishakufa, inashika dakika tatu. Tulingoja umeme urudi na tukaunga ku batri ya sola ya jirani kusudi isizimike katikati. Kwenu sijui hali iko namna gani lakini usianze kama umeme unacheza. (Kama uliwahi kuona ile ekrani ya buluu ya "Réparation automatique" kisha umeme kukatika mara nyingi, ni sawa, Windows ikishindwa kuwaka mara mbili tatu za kufuatana inaingia mule yenyewe.)

Ku ekrani ya kuingilia, shika Maj, ile ya herufi kubwa, usiiachie, bonyeza alama ya kuzima halafu "Redémarrer". Itakuja ekrani ya buluu, ingia "Dépannage", "Options avancées", halafu "Paramètres", ku zingine imeandikwa "Paramètres de démarrage", na "Redémarrer". Usidanganyike na "Restauration du système" utaiona pale, mi nilijaribu, inadai konti ya admini na haina ya kukuonyesha. Mashini ikirudi inaleta liste ya namba, bonyeza F4. Itawaka na ekrani nyeusi, ku pembe zote ine imeandikwa "Mode sans échec".

Pale kwa yaya jina ya Administrateur ikatokea ku ekrani. Nikabonyeza, haikudai kode, ikaingia. Yaya akapiga makofi. Nikafungua Invite de commandes nikaandika:

net localgroup Administrateurs secre /add

Hapa tena klaviye ikanisumbua na itakusumbua kama mashini yenu imetoka Dubai. Alama ku vitufe ni za Kiingereza lakini Windows inafikiri klaviye ni ya Kifaransa. Nabonyeza A inatoka q, nabonyeza M inatoka alama ya mkato, kwa hiyo nilikuwa naandika "Qd,inistrqteurs" bila kuona ju naangalia vidole. Na ile / ukibonyeza kitufe yenye imechorwa / inatoka !. Kwa klaviye ya namna hiyo / inapatikana ukishika Maj na kitufe ya nukta. Ao kama klaviye yenu iko na namba za upande wa kuume, pale kuna / yake, tumia hiyo. Soma kila herufi ku ekrani mbele ya kubonyeza Entrée.

Ikikubali, hakikisha:

net localgroup Administrateurs

Uone jina yako ndani. Ikikwambia 1378 usiogope, ni kwamba jina ilishakuwa ndani.

Usitoke bado. Unda admini wa pili wa akiba, huyu njo angemwokoa yaya tangu mwanzo:

net user akiba * /add
net localgroup Administrateurs akiba /add

Ile nyota inamaanisha itakuuliza kode. Unapoandika kode hakuna kitu inaonekana, hata nukta, yaya alifikiri klaviye imekufa. Inaandika, andika tu mara mbili. Hiyo kode iandikwe ku karatasi, tuliiweka mu bahasha ya vyeti vya shule, si mu simu ya mtu mmoja.

Zima mashini, iwashe kawaida, ingia ku konti yenu. Uadmini Windows inaugawa wakati wa kuingia, kwa hiyo kama uliacha kikao cha zamani wazi kitabakia bila nguvu mpaka utoke uingie tena. Ukitaka kuwa na uhakika andika whoami /groups utafute mstari wenye S-1-5-32-544. Hiyo namba ni ya kikundi cha admini na haibadiliki hata Windows ikuwe ya lugha gani, mi siku hizi natafuta namba mbele ya jina. Imprimanti ya yaya iliingia saa sita na nusu mchana, "Oui" ikiwa nyeusi vizuri.

Sasa kama mu mode sans échec Administrateur hatokei, inaweza kuwa kuna admini mwingine hai mu mashini, kama konti fundi alijiachia. Ikiwa ni hivyo, ni habari nzuri, mpigie mumuombe kode yake kwa upole, umwambie papa anataka mashini yake. Na mode sans échec inaweza kukataa PIN ya konti yenu, mukuwe mnajua kode kamili. Kuna watu watakuambia ubadilishe fishiye za ndani ya Windows na kle ya USB, Defender (kinga ya virusi ya Windows) siku hizi inashika hiyo kama shambulio, na ukikosea herufi moja mashini haiwaki. Mimi sikushauri uifanye peke yako.

Kitu moja tena, na hii nasema kwa moyo wote ju huku kwetu watu wengi wako na mashini ya ONG nyumbani: kama laptop ni ya kazi, usifanye hata moja ya hizi. Pale uadmini hawakuupoteza, waliuondoa makusudi. Muite mtu wao wa informatike.

Usibakie kutumia Administrateur kila siku pia eti ju inakubali kila kitu. Hiyo konti haiulizi ruhusa hata kidogo, kitu chochote mtoto atabonyeza kinaingia moja kwa moja. Kwa yaya sasa yeye ni admini, na watoto tuliwaundia konti yao ya standard, wanacheza pale.

Anza na net user leo jioni, usiguse kingine, halafu andika hapa majina umeona na ile mstari ya "Compte : actif" ya Administrateur inasema nini. Nitakuwa hapa kisha saa mbili kama umeme uko.