Uliza Wataalamu: Je, Alama 14 Ndiyo Sonona?

SWALI: Nafanya zamu ya usiku kwenye shamba la maua. Kliniki walinipa fomu ya maswali 9 kuhusu sonona, nikapata alama 14: usingizi 3, uchovu 3, umakini 3, hamu ya chakula 2, kujilaumu 2, kukosa raha 1. Huzuni, mwili kuwa mzito na fikra za kifo niliweka sufuri. Mwenzangu anasema tayari mimi ni mgonjwa. Ni kweli?
Mfanyakazi wa zamu, Naivasha

JIBU: Bado, dada. Fomu hiyo huulizia wiki 2 zilizopita tu. Kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Ukifika 10, mhudumu anapaswa kuketi nawe akuhoji kwa kina. Kazi ya fomu inaishia hapo.

Vigezo vyenyewe vinataka dalili 5 kati ya 9, karibu kila siku kwa wiki 2, na mojawapo lazima iwe huzuni au kupoteza raha ya mambo uliyokuwa ukiyapenda. Kwenye fomu, dalili huhesabiwa ikipata 2 au 3, isipokuwa swali la 9, la fikra za kifo, ambalo hata alama 1 inahesabiwa. Sasa rudi kwenye majibu yako. Dalili zilizofika 2 ni tano kamili, ila huzuni ina 0 na raha ina 1. Nguzo zote mbili hazipo. Alama zako 9 kati ya 14 zimetoka kwenye usingizi, uchovu na umakini, mambo yatakayomsumbua mtu anayelala mchana, watoto wakicheza mlangoni, hata kama moyo wake umetulia.

Hilo halina maana kwamba uende nyumbani tu. Omba upimwe damu kama imepungua, tezi ya shingo, sukari, na ujauzito ikiwezekana. Mwambie daktari dawa zote unazomeza. Kisha jaza fomu tena baada ya wiki 2 za zamu ya mchana, kama msimamizi atakubali. Na lile swali la raha lijibu upya bila haraka. Wengi huandika 1 kwa sababu bado wanaenda kanisani na kwenye chama, ilhali wanaenda kwa mazoea tu. Swali la 9 nalo likipata chochote zaidi ya sufuri, zungumza na mhudumu siku hiyohiyo, hata kama jumla ni 3.

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 24. Hii ni siku ya tisa analala saa mbili tu kwa usiku lakini hachoki. Anaongea bila kupumua, amekopa pesa akanunua ng'ombe watatu, na anasema Mungu amemwambia atakuwa gavana. Huvuta bangi. Jirani anasema ni skizofrenia, mchungaji anasema ni mapepo.
Kaka mtu, Kisumu

JIBU: Kabla ya jina lolote, mpimeni joto la mwili. Huko kandokando ya ziwa malaria ikipanda kichwani huweza kumfanya mtu aseme ovyo, na homa ya uti wa mgongo pia. Muulizeni leo ni siku gani, hapa ni wapi, wewe ni nani. Akiwa anapotea, mara anaelewa mara haelewi, hiyo ni dharura ya hospitali kuu, usiku au mchana. Vivyo hivyo kama aliangushwa na bodaboda majuzi.

Akiwa anajua siku na mahali, na hana homa, picha unayoieleza inafanana zaidi na mania, ile hali ya kupanda juu katika ugonjwa wa baipola, ambao hisia hupanda na kushuka kupita kiasi. Vigezo: furaha au hasira iliyopita kiasi pamoja na nguvu nyingi, kwa siku 7 au zaidi (akilazimika kulazwa, siku hazihesabiwi), na juu ya hapo dalili 3 kati ya 7. Wewe umetaja nne: kujikweza, kutohitaji usingizi, maneno mengi, na matumizi ya pesa bila kufikiri. Ikiwa ni hasira peke yake, zinahitajika 4.

Vipi kuhusu sauti ya Mungu? Mania kali huleta sauti. Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti na kuamini yasiyokuwepo, inataka muda mrefu zaidi: mwongozo wa Marekani unadai miezi 6 ya mabadiliko, ule wa Shirika la Afya Duniani mwezi 1, na sauti ziendelee hata pale ambapo mtu hajapanda wala kushuka kihisia. Kwa siku tisa hakuna anayeweza kulisema neno hilo kwa uhakika, jirani wala daktari.

Bangi inavuruga hesabu. Kipimo cha mkojo kwa mvutaji wa kila siku kinaweza kuonyesha bangi wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa hiyo kuipata hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyoleta haya. La muhimu ni lipi lilitangulia, na kama dalili zitadumu zaidi ya mwezi hivi baada ya kuacha.

Mpeleke kwa daktari wa akili. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga iko hapo hapo mjini. Beba karatasi yenye tarehe, saa alizolala, pesa alizotumia, na kama amewahi kujifungia chumbani kwa wiki kadhaa akiwa mnyonge. Hilo la mwisho usilisahau: mtu wa baipola akionekana siku za unyonge tu hupewa dawa za sonona peke yake, nazo zinaweza kumrusha juu. Maombi yaendelee, ila asifungwe kamba wala kunyimwa chakula.

SWALI: Baba alifariki miezi 8 iliyopita. Mama husikia sauti yake jioni na bado humwekea kikombe cha chai. Shangazi zetu wanasema ameanza wazimu.
Binti, Kakamega

JIBU: Pole sana kwa msiba. Kusikia sauti ya marehemu ni jambo la kawaida kwa wafiwa, na peke yake si wazimu. Upo ugonjwa wa majonzi yasiyokoma, lakini hata miongozo haikubaliani: wa Shirika la Afya Duniani unaanzia miezi 6, wa Marekani miezi 12 kwa mtu mzima, na yote miwili inataka majonzi yawe yamezidi desturi za jamii yake. Tazama maisha yake basi. Analima, anakula, anacheka na wajukuu? Mwacheni na kikombe chake. Ameacha dawa za presha, au anasema anataka kumfuata mzee? Nendeni hospitali wiki hii.

SWALI: Moyo hunidunda na kunitoa jasho, lakini ndani ya matatu tu. Ni ugonjwa wa hofu ya ghafla?
Msafiri, Busia

JIBU: Huenda sivyo. Ugonjwa huo unataka mashambulizi yanayorudi bila kuitwa, hata ukiwa umeketi nyumbani, yenye dalili 4 kati ya 13 na kufika kilele ndani ya dakika chache, kisha mwezi mzima wa kuogopa lingine au kukwepa mambo. Yako yana mahali pake, hivyo inaelekea ni hofu ya hali maalumu, na tiba yake kuu ni kuizoea safari kidogo kidogo: kwanza steji moja, kesho mbili. Pima moyo na tezi kwanza, na punguza miraa na kahawa kabla ya kupanda.